Ukurasa wa Kulipia Ukikataa: Pesa Iko Wapi?

Mkazi wa Kondele amechagua jiko la gesi kwenye duka la mtandaoni, amejaza jina na mahali pa kupokelea mzigo, kisha anabonyeza kitufe cha kulipa. Badala ya kupata oda yake, anakuta kioo kimeandikwa "Access Denied" au namba 403. Wengi hubonyeza tena na tena. Wengine hupigia namba ya kwanza wanayoiona mtandaoni. Yote mawili yanaweza kumtia mtu hasara.

Maandishi hayo yana maana moja: seva ya duka imepokea ombi la mnunuzi na kulielewa, lakini imekataa kulitimiza. Hayasemi lolote kuhusu pesa. Malipo ya M-Pesa yana njia yake: duka huiomba Safaricom, Safaricom huleta ombi kwenye simu, mnunuzi huingiza namba ya siri, kisha taarifa ya malipo hurudishwa dukani. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama namba ya siri ilikwisha kuingizwa. Kama bado, hakuna pesa iliyotoka. Kama ndiyo, pesa huenda imefika hata kama ukurasa hauonyeshi oda yoyote. Ujumbe wa M-Pesa na salio ndivyo vya kuangaliwa kabla ya kujaribu mara ya pili.

Sababu ya kawaida ni muda. Mtu hujaza kikapu asubuhi, akaenda soko la Kibuye, akarudi jioni kulipa. Kibali cha muda alichopewa na duka kimeisha. Aingie upya na kuanzia kwenye kikapu, si kurudi nyuma kurasa mbili tatu. Aliyezuia vidakuzi kwenye kivinjari hupatwa na jambo hilohilo, na anayetumia VPN huonekana yuko nchi nyingine, aizime kwanza.

Sababu nyingine haijulikani sana. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, na saibakafe hufanya hivyo pia. Mmoja wao akilisumbua duka, ulinzi hufunga anwani hiyo na wote hukosa huduma. Kutoka Wi-Fi na kutumia bando, au kuzima data na kuiwasha, mara nyingi hutosha. Kubonyeza mara kumi kwa dakika moja huharibu zaidi, kwa kuwa duka hudhani linashambuliwa na mashine.

Ikikataa hata kwenye simu nyingine, kosa ni la duka. Mnunuzi apige picha ya kioo, aandike saa, na kama alilipa awape herufi na tarakimu 10 za muamala. Atumie namba iliyo kwenye ukurasa wa duka lenyewe. Anayejitolea "kurekebisha" na kuomba namba ya siri ni mwizi, hata akiwa na sauti ya upole. Wanaolipia huduma za eCitizen wakumbuke kwamba Paybill ni 222222. Wakielekezwa kwingine wasitume.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayeuza vikapu vya gugumaji kutoka Dunga hufungua duka lake akiwa ameingia kama msimamizi, naye huona kila kitu kiko sawa. Ajaribu kununua kwa simu nyingine, akiwa kama mgeni. Maduka yaliyounganishwa na M-Pesa kupitia Daraja hupata tatizo baya zaidi: programu ya ulinzi huikataa taarifa ya malipo inayotoka Safaricom, pesa inaingia lakini oda inabaki haijalipwa. Fundi aruhusu anwani za Safaricom, asizime ulinzi wote. Hadi hapo, muuzaji alinganishe namba ya muamala ya mteja na taarifa ya akaunti yake kabla ya kumwambia kwamba hajalipa.