Mzigo wa Punda na Dhima ya Mwenye Kukodi

Mwenye kutoka Mombasa akashukia katikati ya mji wa Nairobi, akasali katika Msikiti wa Jamia na kumaliza biashara zake, huenda akarejea kwao asimwone punda hata mmoja. Mikokoteni ya huko sokoni huvutwa na wanaadamu. Lakini na apande gari aelekee magharibi, afike Kawangware na Dagoretti. Huko atawakuta punda njiani wakivuta maji, mchanga na mawe. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na nyumba nyingi hazina mfereji kabisa, basi punda ndiye mfereji wao.

Katika darsa yetu yalizuka masuali haya: punda akizidishiwa mzigo hata miguu ikamtetemeka, ni nani mwenye dhambi? Wengi watajibu upesi kuwa ni yule aliyeshika fimbo. Jawabu hilo ni nusu ya jawabu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kuwa yampasa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, wala si halali kumtwika daima asichokiweza. Akikataa kumlisha, hakimu humlazimisha. Ikiwa ni mnyama wa kuliwa, hukhiyarishwa baina ya kumlisha, kumwuza au kumchinja. Ama punda, ambaye nyama yake ilikatazwa siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, mwenyewe hana ila mawili: amlishe au amwuze. Uingereza ilikuja kutunga sheria ya kuzuia ukatili juu ya farasi, ng'ombe na punda mwaka 1822, na hali vitabu vyetu vilikuwa vimekwisha kumweka punda mbele ya kadhi kwa karne nyingi. Twajifakhiri kwa vitabu hivyo, lakini punda hapati shibe kwa fakhari yetu.

Sasa tutazame mlango wa ijara, ambao husomwa kwa haraka. Mtu akikodi mnyama kwa mzigo wa kadiri iliyotajwa, kisha akazidisha, hulipa ujira wa ile ziada. Na mnyama akifa mkononi mwake, hulipa thamani yake. Ni kweli kuwa Kawangware mwenye punda huwapo na mnyama wake, kwa hivyo hukumu ya dhamana haiwi ile ile. Lakini mafunzo yake yako wazi: mwenye kukodi naye ana sehemu yake katika mzigo.

Hisabu yake ni nyepesi. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20. Mwenye kuagiza mitungi 20 kwa safari moja, ili aokoe nauli ya safari ya pili, amemfungia punda kilo 400, mbali ya uzani wa mkokoteni wenyewe, na njia ni ya matope na mlima. Fimbo inayofuata ameinunua yeye. Basi na aagize safari mbili, alipe mbili. Na hapa pana jambo tusilolipita: yule kijana mwenye punda ni maskini, na watoto wake hula kwa safari hizo. Kumwambia apunguze mzigo bila ya kumzidishia malipo ni kumhurumia punda kwa mali ya mtu mwengine.

Nasi watu wa pwani twasema, fadhila za punda ni mateke. Yule anayechukua maji kutwa nzima, na mwenyewe hajaonjeshwa, ni nani hapo aliyempiga mwenziwe teke? Ndoo moja mlangoni, wakati mitungi inapoteremshwa, yamtosha. Kadhalika kamba ya nailoni humkata kifuani. Kipande cha blanketi kikuukuu chini ya kamba ni sadaka isiyomfilisi mtu.

Asidhani msomaji kuwa punda ni wengi hata wasiadimike. Baina ya 2016 na 2018 machinjio manne ya Kenya yalichinja punda zaidi ya 300,000, ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezewa dawa. Punda wengi waliibwa usiku, na wanawake wakabaki kubeba maji kwa migongo yao. Serikali ilikataza uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaliondoa katazo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Ndugu zetu wa Lamu, ambako tangu 1987 pana hospitali ya punda, wajua thamani ya mnyama huyu kuliko sisi.

Ama aonaye dhulma asiyeweza kuiondoa kwa maneno mazuri, sheria ya Kenya, Sura ya 360, yahisabu kuwa ni kosa kumpiga mnyama kwa ukatili, kumzidishia mzigo, au kumfanyisha kazi naye ana jeraha; na mwenye mnyama akiruhusu hayo, naye ana kosa. Habari zaweza kupelekwa kituo chochote cha polisi, au kwa jumuiya ya kulinda wanyama, KSPCA, iliyoko Karen. Lakini kwanza azungumze na mwenye punda, kwa heshima, na nauli ya safari ya pili iwe mkononi.