Puti ya Gari na Mvua za Masika

Katika miji yetu ya pwani magari mengi hutembea na mabaka ya kijivu ubavuni. Mabaka hayo ni puti. Fundi amenyoosha bati na kuziba mabonde, kisha fedha ya rangi imekosekana. Basi gari hungoja mwisho wa mwezi, na mvua za Aprili zimekwisha anza. Yafaa wazazi wenye magari wajue linalotokea hapo, nami nimeliona mara nyingi kwa mjomba wangu, fundi wa bodi, ambaye humsaidia siku za likizo.

Puti ni gundi ya poliesta iliyochanganywa na unga laini wa jiwe la talki, lile litiwalo katika poda ya watoto. Ikitiwa dawa yake ya kukausha huwa ngumu kwa dakika chache, na kwa hiyo watu hudhani kwamba haipitishi maji. Sivyo. Ina vitundu vidogo mno, hasa ikishapigwa msasa, nayo hunyonya maji mpaka kwenye bati. Kutu huanza huko chini, mahali ambapo jicho halifiki. Rangi ikipakwa juu yake gari hung'aa, lakini baadaye hutoka malengelenge, na kazi yote hubanduliwa. Mzee mmoja alilipia mlango mmoja mara mbili, naye akamlaumu muuza rangi bure!

Praima ya kawaida nayo hupitisha maji. Izibayo ni ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, nayo ipakwe puti ikiwa kavu kabisa. Wengine hupaka grisi. Maji huzuilika kweli, lakini rangi haitashika tena. Wengine hubandika nailoni pande zote, na asubuhi hukuta matone ndani yake. Afadhali turubai lililoinuliwa juu ya miti, upepo upite.

Puti ikiwa imekwisha lowa, kuifuta kwa kitambaa hakutoshi. Ikiwa imelowa kwa majuma, mjomba huibandua yote alitazame bati, hata mwenye gari akinung'unika.

Mwenye fedha chache, kwa maoni yangu, asikubali kutiliwa puti kwanza. Bati likishanyooshwa na kusuguliwa lipakwe epoksi, gari liende na mabonde yake. Fedha ikipatikana, epoksi ile itapigwa msasa na puti itawekwa juu yake.