Jenereta Yako na Fundi Aliye Juu ya Nguzo

Umeme ukikatika Ngamiani, jenereta hunguruma barabara hadi barabara. Wengine huchomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Kumbe umeme huo waweza kutoka nje, ukafika kwenye transfoma. Na transfoma inayoshusha volti 11,000 ndiyo hiyo hiyo itakayoupandisha tena. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anajua laini imezimwa. Ndiyo maana hutakiwa aipime kwanza, kisha aiunganishe na ardhi kabla ya kuishika. Asipofanya hivyo, moyo waweza kusimama papo hapo.

Fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia umeme. Kama huna, chomeka friji kwenye jenereta yenyewe. (Nayo ikae nje, mbali na dirisha, moshi wake unaua.)