Biri na Jinsi Inavyofanyizwa

Watu wengi huchanganya sigara na biri, wakadhani tofauti yake ni unene tu. Sivyo. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa katika karatasi. Bali biri haina karatasi, yote ni majani ya tumbaku tangu ndani hata nje.

Katikati yake mna majani ya kujazia, yaliyokunjwa kwa urefu ili moshi upate njia. Juu yake hukaa jani la kufungia, ambalo kazi yake ni kushika tu. La mwisho ni jani la kuvika, nalo ndilo ghali kuliko yote: sharti liwe jembamba, laini, la rangi moja, lisilo na tundu la mdudu hata moja. Fundi huondoa uti wake, hulikata kwa kisu, hulizungusha tangu mguuni hata kichwani, na kichwa hukigandisha kwa gundi kidogo. Kichwa ndicho kitiwacho kinywani. Mguu ndio uwashwao, ijapokuwa sisi tungalitazamia kinyume.

Lakini kazi kubwa humtangulia fundi. Majani hutungwa na kutundikwa katika banda lipitalo upepo, si juani, yapate kukauka polepole kwa majuma kadha hata yageuke rangi ya kahawia. Kisha huvundikwa: hulundikwa chungu kubwa, nayo hupata moto yenyewe kama samadi. Moto ukizidi, majani huharibika. Kwa hiyo chungu hufumuliwa na kupangwa tena, ya ndani yakaja nje. Hapo ukali hupungua na harufu njema hutokea. Afanyaye haraka hapa hupata tumbaku ichomayo ulimi.

Pwani yetu nayo ilijaribiwa. Huko Lewa, bara kidogo ya Pangani, kampuni ya Wadachi ilipanda tumbaku kabla ya vita vya Abushiri, siku zile ambapo jani la Sumatra lilisifiwa sana Ulaya kwa kuvika biri. Jani la namna hiyo lataka mikono mingi kila siku: kuokota wadudu, kuchuma, kuchagua. Kampuni ilikodi hata watumwa kwa mabwana zao wa Pangani, na kazi ile ilichukiwa. Mwaka 1888 vita vilipotokea, Wazungu wa Lewa walikimbia na tumbaku ikaachwa. Mwaka 1893 Dk. Hindorf alileta miche ya mkonge, nayo ikakubali ardhi. Baadaye Lewa yenyewe ikawa shamba la mkonge.