Paka Akisusa Chakula: Maswali na Majibu Kuhusu Ugonjwa wa Kongosho

Mpui, huku Ufipa, ni nchi ya mahindi, na penye mahindi pana panya. Paka wa nyumbani ndiye anayelala ghalani kulinda chakula cha msimu mzima. Lakini akiugua huachwa tu, kwa imani kwamba roho ya paka haitoki kirahisi. Mimi ni daktari wa mifugo, na imani hiyo nimeiona ikiua paka ambao wangeweza kupona.

Shikamoo daktari. Paka wangu wa miaka minane leo ni siku ya pili hali. Amejikunja nyuma ya jiko, na ametapika mara moja tu. Jirani anasema ni minyoo.

Marahaba, mama. Minyoo inawezekana, ila paka mwenye minyoo kwa kawaida huendelea kula. Mimi nafikiria pia kongosho, kiungo kilichojificha karibu na tumbo la chakula, kinachotengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Likivimba, vimeng'enya huanza kazi kabla ya kufika kwenye utumbo, vikalisaga kongosho lenyewe.

Mbwa mwenye maradhi haya hutapika sana, na kila mtu nyumbani hujua anaumwa. Paka hunyamaza. Hunyong'onyea, hususa, hukonda, mwili hukaukiwa maji na kupoa. Wengi hawatapiki kabisa. Kibaya zaidi, kwa paka walio wengi mfereji wa kongosho huungana na ule wa nyongo kabla ya kuingia kwenye utumbo, kwa hiyo kongosho, ini na utumbo mara nyingi huugua pamoja. Mfunue mdomo na umtazame ndani ya masikio. Ukiona umanjano, usingoje kesho.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Kwa paka wengi chanzo hakipatikani, hata kwa vipimo vizuri. Vinavyojulikana ni vichache: kuumia tumbo kwa ajali au kipigo, vimelea kama toksoplazma, na sumu za wadudu za jamii ya oganofosfeti.

Hilo la sumu linatuhusu sana. Baadhi ya dawa za unga za kuzuia dumuzi kwenye mahindi zina pirimifosi, ambayo ni ya jamii hiyo, ikiwa imechanganywa na permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini vizuri. Humletea mtetemeko na degedege. Paka hulala juu ya gunia, unga hushika manyoya, kisha hujilamba. Siku ya kuchanganya dawa mfungie nje ya ghala, na magunia yafunikwe kabla hajarudi.

Nimwache bila chakula ili tumbo lipumzike?

Hapana. Kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Paka asiyekula siku mbili tatu huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, yakajaa kwenye ini hadi ini lishindwe kazi. Paka mnene huwahi zaidi. Hapo unakuwa na magonjwa mawili.

Paka wa kilo 4 anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku, sawa na gramu 120 hivi za kuku aliyechemshwa bila ngozi, au mayai matatu. Siku ya kwanza mpe theluthi moja, ya pili theluthi mbili, ya tatu chakula kamili, kidogo kidogo mara tano au sita. Kipashe joto ili harufu imvute. Mgebuka wa kuchemsha usio na chumvi unafaa sana. Kitunguu na kitunguu saumu visiguse sufuria yake, maana huharibu damu ya paka. Maziwa humharisha paka mkubwa, yaache.

Akikataa kabisa, saga chakula kiwe uji mwembamba, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, akiwa amekaa wima. Usimlaze chali, atapaliwa. Kama anatapika, acha kumlisha hivyo hadi apate dawa ya kuzuia kutapika.

Anaonekana ana maumivu. Nimpe Panadol?

Usimpe hata robo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari kwake.

Daktari wa mifugo atamfanyia nini?

Atampa maji ya dripu, kwenye mshipa au chini ya ngozi, dawa ya maumivu inayofaa paka, dawa ya kichefuchefu, na huenda sindano ya vitamini B12. Kuna kipimo maalumu cha damu cha kongosho la paka, lakini usitegemee kukikuta kwenye ofisi ya mifugo ya kata. Matibabu huanza kwa dalili. Antibiotiki mara nyingi hazihitajiki.

Kazi yako nyumbani ni joto. Juni na Julai usiku wa Ufipa ni mkali, na paka huyu hawezi kujipasha. Funga chupa ya maji ya moto kwa kitenge, uiweke ubavuni mwake.

Akipona, yamekwisha?

Si lazima. Ugonjwa hurudi. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, apimwe sukari. Akila vizuri huku akikonda na kutoa kinyesi kingi laini, huenda kongosho limeacha kutoa vimeng'enya. Muulize daktari kuhusu kumchanganyia chakula na kongosho bichi la ng'ombe lililokaguliwa machinjioni. Ni tiba ya kweli, na bucha nyingi hulitupa.

Wapo wasiopona. Kama ametibiwa na bado hali, hasimami na analia akiguswa, kumwomba daktari amlaze usingizi wa milele kwa sindano ni huruma.

Kwa paka wako, mama, usisubiri siku ya tatu. Mpigie afisa mifugo leo, na kama hapatikani, mweke paka kwenye kikapu upande gari la Sumbawanga.