Kutoka Mtamba Mmoja: Mwongozo kwa Mfugaji Mpya wa Longonot

Kijitabu hiki kimeandikiwa wewe unayeishi Longonot, Maiella, Mai Mahiu au kando ya barabara ya kwenda Naivasha, una ploti ya familia au ekari chache, na umeamua kufuga ng'ombe wa maziwa. Pengine umefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua. Pengine umemaliza shule na ajira haijaonekana. Tunapokutana na wafugaji wapya, swali la kwanza huwa ni mkopo unapatikana wapi. Sisi huanza na swali jingine: maji yako yanatoka wapi?

Maji na nyasi hununuliwa kabla ya ng'ombe

Longonot iko upande usio na bahati ya mvua. Milima ya Nyandarua huizuia mvua ya mashariki, na udongo wetu wa majivu ya volkano hauweki maji kwa muda mrefu. Kinangop, mwendo mfupi tu kwenda juu, ni nchi ya kijani. Huku chini kiangazi ni kiangazi kweli. Ng'ombe anayekamwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, yaani mitungi mitatu hadi mitano ya lita 20. Akinyimwa maji leo, maziwa hupungua leo hii, maana sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Kama maji yako huja kwa punda au kwa bowza, andika gharama yake kwanza, kabla hujaandika bei ya ng'ombe.

Halafu nyasi. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kila siku. Beli ya Boma Rhodes ina takriban kilo 15, kwa hivyo hesabu rahisi ya kichwani ni beli moja kwa ng'ombe mmoja kwa siku, na beli 365 kwa mwaka. Unaweza kupunguza idadi hiyo kwa nepia, mabua ya mahindi au sileji uliyotengeneza mwenyewe, lakini tumbo la ng'ombe halipunguki. Mwenye busara hununua beli baada ya mvua, bei ikiwa chini, na kuziweka juu ya mbao, mahali pasipovuja. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na wengi wetu tuliona ng'ombe wakiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ghala lilikuwa tupu.

Kama huna ghala lenye beli za miezi mitatu, bado hujafika wakati wa kununua ng'ombe. Tunasema hivi bila kuficha, hata kama utakasirika.

Funzo la Kinangop

Bonde hili limejua maziwa kwa muda mrefu. Kampuni ya KCC ilianza Naivasha mwaka 1925, lakini ilikuwa ya walowezi. Mwafrika alizuiwa kufuga ng'ombe wa gredi mpaka Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango. Miaka ya 1960 familia nyingi zilihamia mashamba ya makazi ya Kinangop. Walipewa ardhi kwa mkopo, na ng'ombe wa gredi kwa mkopo juu yake, na vyama vya ushirika vikawa vinakata madeni kwenye pesa za maziwa.

Mpango wa kukata deni kwenye maziwa ulikuwa mzuri, na mpaka leo ndio njia tunayoipenda kuliko nyingine zote. Hata hivyo wengi walibaki nyuma kwa malipo. Deni lilihesabiwa kana kwamba ng'ombe hukamwa mwaka mzima, hafi, hazai dume, wala hakauki. Mfugaji mpya wa leo akiingia kwenye mkopo uliopangwa namna hiyo, atapatwa na yaleyale.

Tufanye hesabu pamoja

Tarakimu hizi ni za mfano. Weka zako mahali pake. Ng'ombe wako anatoa wastani wa lita 10 kwa siku. Ndama na watoto wa nyumbani wanakunywa mbili, unauza nane kwa shilingi 50. Hiyo ni shilingi 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Chakula, chumvi, maji na dawa vinakula shilingi 230 kwa siku, tukichukulia kwamba nusu ya malisho umejilimia. Zinabaki 5,100 kwa mwezi.

Sasa kumbuka kwamba ng'ombe hukamwa kama miezi 10, kisha hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa. Siku hizo anakula lakini haleti kitu. Ukitumia shilingi 150 kwa siku, miezi miwili itakugharimu 9,000. Kwa mwaka mzima umebaki na 42,000, sawa na 3,500 kwa mwezi, na hapo hujajilipa jasho lako.

Mtu akikukopesha 100,000 kwa mwaka mmoja, riba ya asilimia 14 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, atataka 9,500 kila mwezi. Maziwa hayawezi kulipa deni hilo. Utalipa kwa mshahara wa mkeo au wa mumeo, au utamuuza ng'ombe. Lakini ukiwa umeweka akiba ya nusu ya bei na ukakopa 50,000 kwa miaka miwili, kwa riba hiyohiyo utarudisha 64,000, na ng'ombe atakuwa ameleta 84,000. Nafasi ni nyembamba, lakini ipo. Kwa hiyo shauri letu ni hili: nusu iwe akiba, nusu iwe mkopo, na muda usipungue miaka miwili.

Njia za kumpata ng'ombe

Wengi hukimbilia mtamba mwenye mimba, au mori kama wengi wetu tunavyomwita. Ni njia ya haraka, na ndiyo ghali zaidi. Usinunue kwa picha ya simu. Nenda na daktari wa mifugo aipime mimba kwa mkono. Tazama meno: akiwa na meno mawili makubwa ya mbele, ana takriban miaka miwili. Kama ni ng'ombe anayekamwa, lala hapo ushuhudie akikamwa jioni na tena asubuhi, kwa sababu wako wanaoruka kukama ili kiwele kijae mbele ya mnunuzi.

Ukinunua ndama jike ili umlee, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Ndama jike wa namna hiyo karibu kila mara huwa tasa. Tumeona familia ikimlisha miaka mitatu ikingoja mimba isiyokuja.

Kuna njia ya polepole ambayo kwa Longonot tunaiheshimu sana. Jirani zetu Wamaasai wana Sahiwal na machotara wake. Ng'ombe hawa hustahimili joto, kupe na safari ya maji kuliko Friesian halisi. Kituo cha utafiti cha serikali Naivasha, ambacho leo ni sehemu ya KALRO, kimetunza kundi la Sahiwal tangu miaka ya 1960. Nunua jike mzuri wa aina hiyo kwa bei nafuu, umhimilishe kwa mbegu ya Ayrshire au Friesian kutoka kituo cha taifa cha Kabete. Ndama atakuwa na nusu ya damu ya gredi, mjukuu robo tatu. Subira inahitajika: mimba ni miezi tisa, na ndama huyo hatazaa kabla ya miaka miwili na zaidi. Lakini utakuwa na mnyama aliyezaliwa katika vumbi lako na kuzoea maji yako. Ukiweza, lipia mbegu iliyotenganishwa jinsia; takriban ndama tisa kati ya kumi huwa majike.

Njia ya tatu ni ubia. Si jambo geni. Wamaasai waliopeana ng'ombe huitana pakiteng, na jina hilo hubeba wajibu wa maisha. Shirika la Heifer, lililoingia Kenya mwaka 1981, lilijenga kazi yake juu ya wazo linalofanana: aliyepewa mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza. Ukichukua ng'ombe wa mtu umtunze, andikeni mkataba mbele ya mashahidi: maziwa ni ya nani, ndama wa kwanza ni wa nani, nani analipa daktari, na akifa itakuwaje. Ndugu wengi wamekosana kwa sababu ya ndama mmoja ambaye hakuandikwa.

Na chama? Wanawake kumi wakichanga na kumnunulia mmoja mtamba kila baada ya miezi michache, huo ni mkopo usio na riba. Masharti yawe mawili tu: kila anayepokea awe na banda na beli tayari, na ng'ombe wasinunuliwe kwa broka mmoja bila kukaguliwa.

Wanaokopesha

Anzia kwenye ushirika au sacco inayokusanya maziwa, kwa sababu inaijua njia ya pesa zako na hukata kabla hujazila. AFC, shirika la serikali lililoundwa 1963, hukopesha wakulima lakini huuliza dhamana. Women Enterprise Fund na Uwezo Fund hukopesha vikundi kwa masharti nafuu. Mkopo binafsi wa Hustler Fund, ulioanza Novemba 2022, hulipwa ndani ya siku 14. Unaweza kununulia gunia la chakula, usinunulie ng'ombe.

Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika, ng'ombe mwenyewe anaweza kuwekwa rehani bila hati ya shamba. Hilo ni jambo jema kwa kijana na kwa mwanamke asiye na hati. Lakini lina upande wa pili: huyo unayemnunua anaweza kuwa tayari ni rehani ya mtu mwingine. Sajili ya rehani hizo iko kwenye eCitizen. Itazame kabla ya kutoa pesa.

Dai pia muda wa kungoja. Mtamba mwenye mimba ya miezi mitano hawezi kulipa deni mwezi ujao. Mwambie mkopeshaji malipo yaanze baada ya kuzaa, na yasimame wakati wa kukausha. Akikataa, tafuta mwingine.

Safari ya kushuka

Ng'ombe anayetoka Kinangop hajakutana na kupe wa huku. Nyati wa mlima Longonot na Hell's Gate hubeba ndigana ambayo hata chanjo ya Muguga haiikingi vyema, kwa hiyo chanja, na bado nyunyiza dawa ya kupe kila juma. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa wa mifugo. Mtenge mgeni wiki tatu. Mtie heleni ya nambari, kwa sababu bima haitamlipa mnyama asiyetambulika, na bima ni sehemu ya bei ya ng'ombe wa mkopo.

Siku utakayoona huwezi kulipa mwezi huu, iwe ng'ombe ameugua au mvua imekawia, usizime simu. Nenda ofisini kwa mkopeshaji siku hiyohiyo, ukiwa na daftari lako la maziwa mkononi. Mkopo uliochelewa hupangwa upya. Ng'ombe aliyekwisha kunadiwa harudi bandani.