Mfuko wako wa mbolea umetoka wapi?

Vijana wenzangu wa nyanya, vitunguu na mpunga hapa Nyumba ya Mungu, geuza mfuko ulio stoo usome umetengenezwa nchi gani. Kama ni urea au DAP, karibu kila mara utakuta umevuka bahari.

Tanga palikuwa na kiwanda cha mbolea cha TFC, kilichojengwa enzi za Mwalimu. Kilifungwa mwaka 1991. Kila tukiongelea kiwanda hiki wazee hulaumu uongozi, sawa, lakini kulikuwa na tatizo jingine: sehemu kubwa ya malighafi zake, kama amonia na salfa, zilikuja kwa meli. Fedha za kigeni zilipokauka miaka ya 1980, kiwanda nacho kikadhoofika. Kwa hiyo mtu akikwambia tufufue viwanda, muulize kwanza malighafi itatoka wapi.

Usalama wa taifa siyo askari wa mpakani tu. Oktoba 2021 China ilibana mbolea yake isitoke ovyo, wakulima wake wapate kwanza. Februari 2022 Urusi, muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, ikaivamia Ukraine. Sisi hatukugombana na mtu, lakini mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 120,000. Msimu wa 2022/23 serikali ikaleta ruzuku, aliyesajiliwa akalipa kama 70,000. Ilisaidia sana, sibishi. Ila ruzuku inapunguza bei ya mfuko ambao umeshafika bandarini. Meli isipokuja, inapunguza nini?

Sasa tuna nini chetu? Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu 2004, na gesi ndiyo malighafi ya urea, lakini kiwanda cha urea cha gesi hiyo bado ni mipango. Fosfeti tunayo Minjingu, mkoani Manyara, siyo mbali na sisi. Hapa ndo nataka mnisikilize, maana wengi mnanunua kwa uzalendo bila kupima udongo.

Fosfeti ya mwamba huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kule juu milimani Upare, kwenye mvua nyingi, mara nyingi inafaa. Huku bondeni sehemu nyingi zina chumvi na magadi, pH iko juu, na unga ule wa mwamba utakaa ardhini bila kulisha nyanya yako. Hapo tumia fosfeti inayoyeyuka kwa maji, na uiweke karibu na mizizi, usiimwage shamba zima. Peleka sampuli TARI Mlingano, Muheza. Gharama yake siyo kitu ukilinganisha na kununua mbolea isiyofanya kazi.

Urea nayo usiiache juu ya udongo wa magadi, naitrojeni inapaa kama hewa. Ifukie, kisha mwagilia. Mfuko mmoja una kilo 23 za naitrojeni. Zikipotea nusu, umelipia meli bure. Samadi ya mbuzi ipo tele kwa jirani zetu wafugaji wa upande wa Simanjiro. Iozeshe vizuri kabla ya kuiweka, na utapunguza idadi ya mifuko.

Anayelima ekari 3 na kuendelea anunue mbolea ya kupandia mapema, kabla dukani hakujajaa watu. Mkiwa kikundi, agizeni pamoja. Majibu ya udongo yakitoka, njoo nayo ofisini tuyasome.